Gari la Mlangoni na Mama wa Kipini



Juma hili twaomba ruhusa tuwakaribishe nyumbani kwetu huku Riruta, upande wa Dagoretti katika jiji la Nairobi, tuwaeleze jambo lililotushughulisha kwa muda wa wiki tatu. Jambo lenyewe ni gari. Twalieleza kwa sababu twajua kwamba nyumba nyingi za watu wa Pwani waliohamia bara zina mazungumzo kama haya baada ya chakula cha usiku, na huenda tuliyoyapata sisi yakamfaa mwengine kabla hajatoa fedha zake.

Gari hilo lilikuwa Land Cruiser Prado ya mwaka 1999, ya rangi ya kijani iliyopauka, yenye kilomita 312,000 katika mita yake. Muuzaji ni mtu tunayesali naye. Alituletea mwenyewe hadi mlangoni, akatukabidhi funguo, akasema, "Kaeni nalo siku mbili tatu, liendesheni. Mkiridhika tutazungumza." Bei aliyoitaja ni shilingi 1,100,000. Akiba yetu yote, tuliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka sita, ilikuwa shilingi 1,200,000. Kufikia jioni watoto walikuwa wamekwisha kugombania nani atakaa dirishani.

Hatukulitamani gari la juu kwa ajili ya Nairobi. Barabara ya Naivasha inayopita karibu na kwetu, foleni yake haichagui gari kubwa wala dogo, na watoto huenda shule kwa miguu. Tulilitamani kwa ajili ya Mama. Mama yetu anaishi Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, nyumbani kwake alikozaliwa, na hataki kuhama. Ana presha kwa miaka mingi sasa. Ukitoka Garsen lami yaelekea Witu na Lamu, lakini kutoka Witu kushuka Kipini njia ni ya udongo, na udongo ule ukinyeshewa hugeuka utelezi ambao gari dogo haliwezi kuuvuka.

Mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za El Niño zilipofurisha delta ya Tana, Mama alishikwa na kizunguzungu usiku. Hapakuwa na gari lililothubutu kuingia kijijini. Jirani mmoja alimpakia katika trela ya trekta lake, akamfunika turubali, akampeleka Witu kwa mwendo wa pole pole mpaka kukaribia alfajiri. Alitibiwa, na alhamdulillahi akapona. Lakini sisi tulikesha Riruta na simu mkononi, hatuna la kufanya ila dua, na tangu usiku ule neno "gari" lilikuwa halitoki katika mazungumzo yetu. Kwa hiyo Prado ile iliposimama mlangoni, tuliona kama jawabu limekuja lenyewe.

Hata hivyo tuliafikiana kwamba fedha za miaka sita hazitolewi kwa siku moja. Tulikwenda kumtafuta fundi.

Hapo kwanza palikuwa na aibu. Muuzaji ni ndugu yetu katika imani, na mmoja wetu aliona kwamba kupeleka gari lake kwa fundi likafunuliwe ni sawa na kumwambia hatumwamini. Tulilizungumza hilo usiku kucha. Mwisho tulimpigia simu, tukamwambia wazi kwamba asubuhi yake tungelipeleka gari kukaguliwa, na kwamba kufanya hivyo ni kuulinda udugu wetu, kwa maana kasoro ikionekana kabla ya mauzo ni mazungumzo, ikionekana baada ya mauzo ni ugomvi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lipelekeni."

Fundi tuliyemwendea yuko karibu na Dagoretti Corner, ambako karakana za jua kali zimejipanga nyuma ya Barabara ya Ngong. Sharti lake la kwanza lilikuwa tulifikishe gari jioni, lilale kwake, ili aliwashe likiwa baridi. Injini iliyokwisha kupashwa moto, alisema, huficha maradhi yake mengi. Asubuhi aligusa injini kwa mkono kuhakikisha ni baridi kweli, akafungua kifuniko cha rejeta, akatazama rangi ya maji, kisha akachomoa kijiti cha oili akakifuta kwa kitambaa cheupe. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia mahali pasipofaa. Yetu ilikuwa nyeusi, kama oili ya dizeli ilivyo ikishatumika. Ndipo akaliwasha, akasimama nyuma kutazama moshi. Moshi mweusi, alitueleza, mara nyingi ni nozeli au hewa isiyotosha. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishika moto ni wa kuogopwa.

Tulimwuliza kuhusu zile kilomita 312,000, kwa kuwa ndizo zilizotutia hofu zaidi. Alicheka. "Mzee, kwanza usiiamini mita. Mita hurudishwa nyuma kwa dakika chache. Tazama mpira wa pedali, tazama usukani, tazama kiti cha dereva. Hivyo havirudishwi nyuma. Na pili, gari la aina hii haliuliwi na kilomita. Linauliwa na joto."

Maneno hayo yalitufungua macho. Prado za mfululizo huo, zilizotengenezwa Japani tangu mwaka 1996 hadi 2002, nyingi zina injini ya dizeli ya lita tatu iitwayo 1KZ-TE. Ni injini yenye nguvu na iliyo mvumilivu, ila hedi yake ni ya alumini, na ikichemka mara moja kwa uzembe wa rejeta mbovu au maji yaliyopungua, hedi huweza kupasuka. Kwa hivyo swali la kumwuliza muuzaji si "limekwenda kilomita ngapi?" peke yake, bali ni "limewahi kuchemka?"

Fundi akaingia chini ya gari. Aligonga chasisi kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Gari lililokaa miaka mingi karibu na bahari, alisema, laweza kung'aa juu huku chumvi imelila chini, na chasisi iliyooza hairekebishwi kwa rangi. Hili halikuwa na kutu ya kutisha. Alijaribu gia ya chini ya magurudumu manne, akafunga difu ya kati, akatuonyesha taa yake ikiwaka, kwani wako watu hununua gari la matope halafu wakagundua matopeni kwamba kifaa hicho hakijafanya kazi tangu zamani. Kisha akarudi kwenye injini, akamulika kwa tochi mahali hedi inapokutana na bloku, akanyamaza.

"Hapa pamefunguliwa," akasema. "Gundi hii si ya kiwandani, na bolti hizi zimeguswa na spana."

Jioni hiyo tulikwenda kwa muuzaji. Hatukumpa maneno makali. Tulimwuliza tu, je, gari liliwahi kuchemka? Aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Lilichemka Mtito Andei mwaka juzi, hedi ikafunguliwa, ikatengenezwa. Hamkuniuliza, nami niliona haya kusema." Kisha, bila ya kuombwa, akapunguza shilingi 100,000.

Hatulitaji jambo hili kwa kumfedhehesha. Twalitaja kwa sababu wengi wetu tunadhani kwamba kunyamaza si kudanganya. Katika Hadithi iliyopokewa na Hakim bin Hizam, na iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari kabla hawajatengana, na kwamba baraka ya mauzo yao imo katika kusema kweli na kubainisha kasoro, wakificha, baraka huondoka. Kubainisha ni zaidi ya kujibu unapoulizwa. Lakini na sisi wanunuzi tuna sehemu yetu: tukiona haya kuuliza, twamsaidia mwenzetu kuficha.

Usiku uliofuata tulitandika daftari mezani, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Bei mpya ilikuwa shilingi 1,000,000. Fundi alikuwa ametuandikia mambo yasiyoweza kungoja: mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, 40,000, rejeta mpya, 35,000, shokabzoba na bushi za mbele, 65,000, tairi nne, 80,000. Jumla 220,000. Akatuonya tutenge na 150,000 kwa ajili ya hedi, ambayo ilikwisha kuumia mara moja na haina ahadi. Zote pamoja, 1,370,000. Akiba yetu ilipungukiwa na 170,000 kabla hatujatia dizeli hata lita moja.

Na dizeli nayo ina hesabu yake. Kutoka Riruta hadi Kipini kwa kupitia Mombasa na Malindi ni karibu kilomita 800. Tukikadiria kilomita kumi kwa lita, kwenda na kurudi ni lita 160. Bei hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi. Tulikadiria shilingi 170 kwa lita, ikawa 27,200 kwa safari moja. Bima kamili ni nadra kuipata kwa gari la umri ule, kwa hivyo lingebaki na bima ya mtu wa tatu, ambayo humlipa unayemgonga na kukuacha wewe na hasara yako.

Mpwa wetu, kijana mwenye akili nyepesi ya mambo ya mjini, alitupendekezea tuzibe pengo la 170,000 kwa mkopo wa kuweka logibuku rehani. Tulimshukuru, tukamwambia kwamba mkopo ule ni wa riba na hatuuingizi nyumbani. Benki za Kiislamu zipo nchini tangu mwaka 2008, nazo huuza kwa murabaha, yaani benki hununua kitu ikakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Lakini kwa gari lililopita robo karne, hatukutarajia benki yoyote ilikubali.

Mpwa akauliza swali jengine la haki: ikiwa ni zee hivyo, mbona bei yake haishuki? Jawabu ni kwamba sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Magari ya aina hii yaliyomo nchini ndiyo hayo hayo, hayaongezeki, na wakulima, wafugaji na watu wa barabara mbovu bado wanayataka. Bei yake yatokana na uchache wake kuliko uzima wake.

Hata baada ya hesabu hiyo, ndugu wasomaji, tulikuwa bado tunalitaka. Tulianza kutafuta cha kupunguza: tairi mbili badala ya nne, bushi baadaye, hedi tumwachie Mungu. Mtu akishapenda, huigeuza hesabu impendeze.

Ndipo tukampigia Mama. Hatukumpigia kumwomba shauri, kusema kweli, bali kumpa bishara. Tulimweleza kwamba tumepata gari la juu, lenye nguvu, litakalofika Kipini hata masika. Aliitikia, "Mashaallah," akatuuliza hali za watoto, kisha akauliza:

"Wanangu, gari hilo mtaliweka wapi?"

"Hapa Riruta, Mama, mlangoni."

"Na mimi niko wapi?"

Hatukujibu.

"Usiku ule wa trekta," akaendelea, "lau mngekuwa nalo, lingenifikia lini?"

Tulihesabu kimoyomoyo. Kilomita 800, usiku, mvua, na mwaka ule hata barabara ya lami ya Garsen ilikatwa na maji, magari makubwa na madogo yakasimama. Lingemfikia siku ya pili au ya tatu, kama lingefika.

"Aliyenibeba ni jirani," akasema Mama. "Gari la Nairobi ni la Nairobi. Mkija mnione, njooni kwa basi, nitafurahi vivyo hivyo."

Tulikaa kimya muda mrefu baada ya simu ile. Daftari letu lilikuwa na hesabu ya kila bolti, lakini hatukuwa tumeandika siku ambazo gari lile lingehitajika kweli. Tukaziandika. Sisi huenda Kipini mara mbili kwa mwaka, baada ya Idd na likizo ya Disemba. Kila safari ina siku mbili za kupita njia ya udongo, moja ya kuingia na moja ya kutoka. Siku nne kwa mwaka, tena zile zitakazonyesha tu. Siku nyingine 361 gari la matope lingesimama katika foleni ya Barabara ya Naivasha likinywa dizeli.

Na tulikiri jambo jengine, ambalo twaliandika hapa kwa tahadhari kwani latuhusu wenyewe. Mlikuwamo katika hamu yetu kitu kisichomhusu Mama kabisa. Tulitaka kuonekana tukiingia kijijini na gari. Tulitaka wale waliosikia kwamba tuko Nairobi miaka kumi na minne waone kitu. Haja hiyo tulikuwa tumemvisha Mama, kwa sababu juu ya Mama haikuonekana kuwa tamaa.

Asubuhi tulimrudishia muuzaji funguo zake pamoja na karatasi ya fundi, ili asilipie ukaguzi mara ya pili. Hakukasirika.

Fedha hatukuzirudisha zote katika akiba. Tulimtafuta mtu wa Witu mwenye Land Cruiser la bodi ya wazi, anayebeba mizigo na wagonjwa njia ile kila siku na anayeijua kila shimo lake. Tuliweka shilingi 30,000 amana kwa mwenye duka anayeaminika na pande zote mbili, kwa mapatano kwamba akiitwa kwa ajili ya Mama saa yoyote ataenda bila kuuliza nani atalipa, na nauli itakatwa katika amana hiyo. Yule jirani wa trekta tulimpelekea zawadi, tukiona haya kwamba tulichelewa hivyo. Na Mama, baada ya kubembelezwa na dada yetu aliyeolewa Malindi, amekubali kuhamia kwake miezi ya masika makuu tu, kwa sharti kwamba kuku wake wapate mtu wa kuwatazama.

Hatusemi kwamba gari zee ni kosa. Muuzaji wetu alimpata mfugaji wa Kajiado anayeishi kilomita kumi na mbili nje ya lami, anayepita njia hiyo kila siku na kujitengenezea mwenyewe. Kwake lile ndilo gari. Muuzaji alitueleza kwa furaha, "Neno la kwanza nililomwambia ni la hedi," na mfugaji akalinunua vivyo hivyo kwa milioni moja.

Kwa msomaji aliyesimama pale tuliposimama sisi, twamwachia machache. Andika kwanza siku utakazolihitaji na mahali litakapolala, kabla hujaandika bei. Liwashwe likiwa baridi, mbele ya fundi usiyechaguliwa na muuzaji. Uliza kama liliwahi kuchemka. Tafuta rekodi ya gari katika mtandao wa NTSA uone jina la mwenyewe na kama lina deni la rehani, na usitoe shilingi ya mwisho mpaka uhamisho wa umiliki ufanyike. Spea zake zapatikana kwa wingi Kirinyaga Road, ya asili na ya bandia, kwa hivyo nenda na fundi wako. Na baada ya kununua, iwe imebaki angalau thuluthi ya bei mfukoni. Kama haikubaki, gari hilo si lako bado.

Leo tunapoandika, ni wiki ya pili ya masika na Mama yuko Malindi. Amepiga simu baada ya Alasiri kulalamika kwamba nyumba ya dada ina kelele za magari.